Chambo Sahihi, Samaki Sahihi: Kuvua kwa Ndoana Katika Mabwawa Yetu

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa uvuvi kwa wenye mabwawa, vijana na akina mama wauza samaki wa Hewani, Kaunti Ndogo ya Tana Delta. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.

   

Nimeombwa nizungumze juu ya chambo. Ombi hili lilianza na swali la kijana mmoja wa hapa. Aliniambia, "Afisa, nasikia kuna samaki anaitwa trauti, na watu hulipa pesa kwenda kumvua kwenye vibwawa vya kina kifupi. Mbona sisi hatumfugi hapa Hewani?" Swali lake ni zuri, na nitaanza nalo.

Trauti tunaye Kenya, na tena yuko kwenye mto huu huu wetu. Tana inaanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Huko juu, katika mito ya Sagana, Thego na Gura, kuna trauti. Walowezi ndio waliomleta kutoka Uingereza, na wa kwanza walitiwa katika mto Gura mwaka 1905 na Ewart Grogan. Hadi leo kuna kituo cha kuzalisha vifaranga vyake Kiganjo, Nyeri. Kwa hiyo maji yanayopita hapa Hewani, baadhi yake yalipita kwa trauti kwanza.

Lakini huko juu maji ni baridi. Trauti hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Yakizidi 20 anaanza kuteseka, kwa sababu maji yakipata joto hubeba hewa kidogo. Maji yetu huku chini yana uvuguvugu mwaka mzima. Ukimleta trauti Hewani asubuhi, usitegemee kumwona jioni. Mungu ametupa samaki wetu: tilapia, anayekula vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30, na kambare, ambaye hata matope hayamsumbui.

Hata hivyo, wavuvi wa trauti wana mambo matatu ya kutufundisha. La kwanza, katika maji ya kina kifupi samaki anakuona na kuusikia mguu wako. La pili, samaki aliyefugwa hupenda chakula alichokizoea. La tatu, mdomo mdogo unataka ndoana ndogo. Haya matatu yanafaa Kiganjo na yanafaa Hewani.

KWA NINI NDOANA

Mtaniuliza, kuna nyavu, kwa nini tuhangaike na ndoana? Wacha niwaambie kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na bwawa la mita mraba 300, kama yale mengi yaliyochimbwa nchini serikali ya kitaifa ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi mwaka 2009. Bwawa la kipimo hicho lilitiwa vifaranga 1,000, yaani kama samaki watatu kwa kila mita mraba. Mzee alilalamika kwamba miezi minane imepita na samaki wake bado ni wa kiganja cha mtoto. Mimi nikamwambia, "Mzee, ongeza chakula." Akaongeza. Akatumia pesa. Samaki hawakukua.

Shida haikuwa chakula. Tilapia akiwa na miezi mitatu au minne tu anaweza kuanza kuzaa. Bwawa lile halikuwa tena na samaki 1,000. Walikuwa maelfu, na wote wanagombania sahani moja. Nilipaswa kumwambia apunguze watu mezani, badala ya kumwambia aongeze chakula. Mzee yule alichoka, akachukua chandarua, akazoa kila kitu kwa asubuhi moja. Alipata ndoo za visamaki ambavyo hakuna mama aliyekubali kuvinunua kwa bei ya maana. Miezi minane ikaisha hivyo, na ushauri mbaya ulikuwa wangu.

Tangu siku hiyo nasema hivi: wavu wa macho madogo huzoa wote, lakini ndoana yenye chambo sahihi inachagua. Ukijua chambo, unaweza kumtoa mdogo au mkubwa, tilapia au kambare, kwa kiasi unachotaka kwa chakula cha jioni, na bwawa likabaki bwawa. Siku ya kuvuna bwawa zima, tumia juya la macho yanayoruhusiwa, na sisi tutakuja kukusaidia. Siku nyingine zote, ndoana inatosha.

CHAMBO CHA TILAPIA

Tilapia ana mdomo mdogo. Ndoana yake iwe namba 8 hadi 12. Kumbukeni, namba ikipanda ndoana inapungua. Wengi hukosea hapo dukani. Mshipi uwe mwembamba, kwa sababu maji yakiwa safi anauona. Chubwi iwe ndogo sana, na boya liwe jepesi: kipande cha tete au cha kandambili kuukuu kinatosha. Boya zito haliwezi kukuonyesha tilapia anapoonja, maana yeye hamezi kwa pupa. Hunyonya, hutema, halafu hunyonya tena. Boya likitikisika, subiri. Likitembea upande mmoja, hapo vuta kwa mkono mwepesi.

Sasa chambo. Kwa samaki wa bwawani, anza na kile anachokula kila siku. Kama unamlisha pumba za mchele, chukua pumba hizo hizo, changanya na sima iliyopoa, kanda mpaka iwe ngumu kama udongo wa kufinyangia. Ukiongeza unga wa dagaa kidogo, harufu itamvuta. Tonge liwe kama punje ya mbaazi, lifunike ncha ya ndoana. Likimeguka haraka majini, ongeza unga wa ngano kidogo au nyuzi chache za pamba ndani yake.

Chambo cha pili ni nyungunyungu. Wachimbeni penye udongo wenye unyevu, chini ya migomba, na muwaweke kwenye kopo lenye udongo na jani la mgomba juu, kivulini. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua, na panzi wadogo, nao ni chambo kizuri; siku hizo samaki wenyewe wanatazama juu.

Hapa ndipo ndoana inapochagua. Tonge laini la sima humegwa na visamaki. Kama lengo lako ni kupunguza wadogo waliojaa, hilo ndilo chambo lako, na ndoana iwe namba 12. Lakini kama unataka wa sahani, na visamaki vinakuibia chambo kila mara, badilisha: weka nyungunyungu mnene, au kipande cha utumbo wa kuku kilichoanikwa juani nusu siku kikakauka kidogo. Visamaki vitadonoa na kuchoka. Mkubwa atakuja kuchukua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Tilapia wetu jike hubeba mayai na watoto mdomoni. Wakati huo hali chakula, kwa hiyo ni nadra kushika chambo. Wavu hauna habari hiyo, humzoa na watoto wake mdomoni. Kwa hiyo katika maziwa yetu ya asili, ambako tunataka samaki wazaane, ndoana inamhifadhi mama. Katika bwawa la kufuga ni kinyume: mama akizidi kuachwa, watoto watajaa. Dawa yake ni kutoa wadogo mara kwa mara kwa ndoana, na kutia kambare wachache wale vifaranga. Angalieni tu kambare wawe wadogo kuliko tilapia siku ya kuwatia, la sivyo mtakuwa mmewanunulia kambare chakula cha bei ghali.

CHAMBO CHA KAMBARE

Kambare ni mtu mwingine. Macho yake si kitu. Anategemea harufu na zile sharubu zake. Anakula chini, na anakula zaidi giza linapoingia au maji yanapochafuka baada ya mvua. Mdomo wake ni mpana, kwa hiyo ndoana namba 2 au 1, mshipi mnene, na chambo kilale kabisa chini.

Mpeni kinachonuka: utumbo wa kuku, ini, vipande vya samaki, nyungunyungu watatu au wanne kwenye ndoana moja. Kule Ziwa Viktoria wapo wanaotumia kipande cha sabuni ya mche. Sisi bwawa ni dogo, na maji yake hutumika kwa mengine. Utumbo wa kuku unatosha. Kambare akishika, mwache atembee kidogo kisha uvute kwa nguvu, maana mdomo wake ni mgumu.

Na yale machambo ya bandia yanayong'aa, ya manyoya na ya plastiki? Yametengenezwa kwa samaki anayewinda kwa macho, kama trauti. Tilapia wetu mara nyingi hatayakimbilia, na kambare kwenye maji ya matope hatayaona. Pesa hiyo nunueni ndoana kumi na mshipi mzuri.

SAA NA MAHALI

Chambo kizuri kikitiwa saa mbaya hakileti kitu. Wengi wenu mnaamka alfajiri mkidhani mmewahi. Katika bwawa la kina kifupi, alfajiri ndiyo saa ambayo hewa majini ni kidogo kuliko zote, kwa sababu usiku kucha samaki na mimea vimeitumia na hakuna jua la kuirudisha. Ukiona samaki wako juu wanahema kwa midomo, usivue, usiwalishe. Ongeza maji mapya kama unayo. Subiri jua lipande. Kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, na tena saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, ndipo tilapia hula.

Siku moja kabla ya kuvua, usiwalishe. Wataamka na njaa, watashika chambo upesi, na matumbo yao yakiwa matupu nyama hukaa vizuri zaidi mpaka ifike sokoni Garsen. Ukifika, tupa chakula kidogo tu, konzi moja, mahali pale pale unapowalishia siku zote. Usimwage debe. Chakula kisicholiwa huoza chini na kula ile hewa tunayoililia.

Mkae mbali na ukingo. Maji ya mita moja hayamfichi samaki wala hayakufichi wewe. Kivuli chako kisianguke majini. Vijana, simu zenu zenye muziki ziacheni nyumbani. Tumieni ufito mrefu, msimame hatua kadhaa nyuma, mtupe mara moja na mtulie. Haraka haraka haina baraka.

CHAMBO TUSICHOKUSUDIA

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa zaidi ya yote, na naomba watoto pale chini ya mwembe wanisikilize pia.

Tunaishi na mto. Katika mto kuna mamba na viboko, na baada ya mafuriko, kama yale ya mwishoni mwa 2023, maji huingia tusikoyazoea na mamba huenda nayo. Bwawa au dimbwi lililofikiwa na mafuriko, msiliingie wala msilivue mpaka wazee wamelikagua.

Tumezungumza muda wote huu juu ya utumbo wa kuku na vipande vya samaki. Fikirini vizuri: kinachomvuta kambare kinamvuta mamba pia. Nilipokuwa kijana, kaka yangu mkubwa alikuwa na jiwe lake mtoni. Kila jioni alipasulia samaki pale pale na kusukumia matumbo majini. Alifikiri anasafisha. Kumbe alikuwa anafuga. Jioni moja mama alishuka kuteka maji penye jiwe lile. Mamba alitoka. Alikamata ndoo. Mama alibaki na mpini mkononi. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwa ndoo. Zipo familia katika kaunti hii ambazo haikuwa ndoo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba haya. Samaki apasuliwe nyumbani, mbali na maji, na matumbo yafukiwe. Chambo kilichobaki kisitupwe mtoni. Mahali pa kuvulia na mahali pa kuteka maji pasiwe pamoja. Asiende mtu kuvua mtoni usiku kwa sababu ya kambare. Usiku viboko hutoka kula majani, na ukiwa kati yake na maji huna njia. Mtoto asitumwe peke yake kutafuta chambo ukingoni. Nyungunyungu wako chini ya mgomba, hawako mtoni. Mkimwona mamba karibu na vijiji, mpigieni chifu au maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Msijaribu kumfukuza wenyewe.

Hii ndiyo sababu nasisitiza mabwawa. Mtoto anayejua kuvua tilapia watatu jioni katika bwawa lenye ua wa miiba hana haja ya kuingia mtoni hadi kiunoni.

CHANDARUA NA SUMU

Mawili ya mwisho. Chandarua tulipewa kwa ajili ya mbu. Kina dawa, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Ukikiburuta bwawani au hata ukikifulia humo, unaweza kuua samaki uliokuwa unawalisha, na usiku mtoto analala bila kinga. Hasara ni mbili kwa siku moja.

Utupa na dawa za shambani: sheria ya uvuvi inakataza kuvua kwa sumu, na hata kama isingekataza, maji ni yetu sote. Mkulima anayanywa, mfugaji ananywesha ng'ombe wake humo, na tukimaliza anayanywa mtu wa kijiji kinachofuata. Anayetia sumu kwa ajili ya ndoo moja ya samaki anaingiza mkono katika chungu cha jirani. Vilevile nyavu za nailoni ya uzi mmoja zimepigwa marufuku. Mshipi wa ndoana ni jambo jingine, huo mnaruhusiwa, lakini vipande vyake vilivyokatika msiviache ukingoni. Vinanasa ndege na miguu ya mbuzi.

Kijana aliyeniuliza habari za trauti, nadhani nimekujibu. Yeye abaki juu kwenye baridi yake. Sisi tuna tilapia, tuna kambare, tuna pumba za mpunga wetu wenyewe. Nikija tena baada ya miezi mitatu, nitaomba kila mwenye bwawa anionyeshe daftari: ametoa samaki wangapi kwa ndoana, wa ukubwa gani, kwa chambo gani. Hapo tutajua kama nilichosema leo ni kweli, na nikiwa nimekosea tena, mtaniambia hadharani kama mlivyonisikiliza hadharani.

Mwenye swali aulize. Wengine twendeni bwawani; saa kumi imefika, samaki hawajalishwa tangu jana, na sima imeshakandwa.